Juu ya Kufungua Mapafu Yaliyojifunga



Naomba idhini yenu niseme juu ya jambo litendekalo nyuma ya milango ya chumba cha wagonjwa mahututi, mahali ambapo jamaa wa mgonjwa huingia kwa zamu na kwa dakika chache, na ambalo kwa hiyo umma haulijui ila kwa tetesi. Jambo lenyewe ni tadbiri ya kuyafungua mapafu ya mtu aliyepatwa na dhiki kali ya pumzi, ambaye sehemu kubwa ya mapafu yake imejifunga ikakataa hewa, naye hana nguvu tena ya kupumua mwenyewe, na mashine ndiyo inayompumulia kwa mrija uliopitishwa kooni. Tadbiri hii matabibu waliipenda, wakaitumaini kwa miaka mingi, kisha wakaipima kwa mizani ya insafu, na mizani ikawajibu kinyume cha walivyotarajia. Nataka kueleza ilivyozaliwa, ilivyotukuzwa na ilivyoshushwa, kisha niseme lile ambalo naamini kwa moyo wangu wote kuwa ndilo lifaalo hospitali zetu za Afrika Mashariki.

Maelezo yaliyoyapa maradhi haya sura moja yalichapishwa mwezi wa Agosti 1967 katika jarida la Lancet, na David Ashbaugh, Thomas Petty na wenzao wa Denver, Marekani. Walikuwa na wagonjwa 12. Wengine waliumia katika ajali, wengine walishikwa na virusi, mmoja kongosho lake lilivimba. Asili za maradhi yao zilikuwa mbalimbali, ila mwenendo wake ulikuwa mmoja: pumzi za haraka, midomo kugeuka buluu ijapokuwa mgonjwa anapewa oksijeni, na mapafu kukakamaa yasikubali kutanuka. Saba walifariki, na mapafu yao yalipotazamwa yalikuwa mazito, yakifanana na ini kuliko yalivyofanana na mapafu. Lakini matabibu hao walitambua jambo moja zaidi. Wagonjwa 5 walitibiwa kwa namna ambayo mashine haikuachia hewa yote itoke, bali ilibakiza shinikizo kidogo kifuani hata pumzi ilipokwisha. Kati yao walipona 3, ilhali kati ya 7 wengine walipona 2. Idadi hiyo ni ndogo mno kuwa burhani, walakini ilitosha kuzaa fikra iliyotawala fani hii tangu siku ile: kwamba pafu la mgonjwa huyu limejifunga kuliko lilivyooza, na kwamba kilichofungwa huenda kikafunguliwa.

Huku kwetu maradhi haya hutokana na nimonia, na maambukizi yaliyoenea katika damu, na ajali za barabarani, na matapishi yaliyoingia njia ya hewa, na malaria kali, na katika miaka ya karibuni UVIKO-19. Milango ni mingi, nyumba ni moja.

Ili tufahamu kwa nini pafu hujifunga, hatuna budi kuingia ndani yake. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vinavyokisiwa kati ya milioni 300 na milioni 500, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchanga mnene, na kila kimoja kimelowa kwa ndani kwa utando mwembamba wa maji. Maji hayo yana tabia ya kujivuta pamoja, na kwa kujivuta hutaka kukikunja kifuko. Na kadiri kifuko kinavyokuwa kidogo ndivyo nguvu ya kukikunja inavyozidi. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard, aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, aliyajaza mapafu maji ya chumvi mahali pa hewa, akaona yakitanuka kwa shinikizo dogo zaidi. Akajua kwa hilo kuwa sehemu kubwa ya ugumu wa pafu hutoka katika mpaka baina ya maji na hewa, wala haitoki katika nyama yake peke yake. Ugunduzi wake ulilala zaidi ya miaka ishirini pasipo mtu wa kuuamsha, mpaka katika miaka ya 1950 Richard Pattle kule Uingereza na John Clements kule Marekani walipoonyesha kuwa mapafu hujitengenezea majimaji ya namna ya peke yake, ambayo leo huitwa safaktanti, yenye kuilegeza nguvu hiyo ya kujivuta. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead wakaonyesha kuwa watoto njiti waliokuwa wakifa kwa shida ya pumzi walipungukiwa na majimaji haya.

Kwa mtu mzima aliyepatwa na dhiki kali ya pumzi, hali huwa ni ile ile kwa njia nyingine. Kuta za mishipa myembamba ya mapafu huvuja. Maji yenye protini huingia katika vifuko na kuiharibu safaktanti. Vifuko vikalegea, vikajaa, vikajikunja. Damu inayopita katika kuta za kifuko kilichojikunja hurudi moyoni kama ilivyokuja, haikupata oksijeni hata kidogo. Ndiyo sababu kumwongezea mgonjwa huyu oksijeni puani hakumtoshi: waweza kuijaza oksijeni nyumba nzima, lakini chumba ambacho damu inapita kimefungwa. Na kuna jambo jingine ambalo tadbiri yote ninayoieleza imejengwa juu yake, nalo ni kwamba kukifungua kifuko kilichojikunja kwahitaji shinikizo kubwa kuliko lile linalohitajika kukizuia kisijikunje tena baada ya kufunguka. Hivyo tabibu alijiambia: nitasukuma kwa nguvu mara moja, nifungue, kisha nitaweka shinikizo la wastani, nilinde nilichofungua.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa, kwa kutazama eksirei, kuwa pafu lote limeugua sawasawa. Katika miaka ya 1980 Luciano Gattinoni na wenzake wa Milano waliwaingiza wagonjwa hawa katika mashine ya siti-skani, jambo lenye hatari na taabu kwa mtu anayepumuliwa, wakaona picha ambayo hakuna aliyeitazamia. Mgonjwa aliyelala chali, sehemu ya mbele ya mapafu yake ilikuwa bado na hewa, na ya nyuma, upande wa mgongo, ilikuwa imejifunga kabisa. Chukua khanga nyingi zilizolowa, uzirundike karaini: za juu utazikuta bado zimevimba kwa hewa, za chini zimebanwa na uzito wa zilizo juu yake mpaka hazina nafasi. Ndivyo lilivyo pafu lililolowa, kwani uzito wake lenyewe ndio unaolikandamiza. Sehemu inayobaki na hewa kwa mtu mzima aliyeugua sana yaweza kuwa sawa na mapafu ya mtoto wa miaka mitano au sita, na Gattinoni akaiita kwa jina hilo, pafu la mtoto. Natija yake ni nzito: mashine inapotia pumzi ya mtu mzima, pumzi hiyo yote huingia katika pafu la mtoto.

Tadbiri ya kufungua ilikuwa na mizizi katika chumba cha upasuaji. Mwaka 1963 Henrik Bendixen na wenzake wa Boston walionyesha kuwa mgonjwa aliyepigwa nusukaputi na kupumuliwa kwa pumzi ndogo za kufanana hupungukiwa na oksijeni kidogo kidogo kwa kuwa vifuko vyake hujikunja, na kwamba pumzi chache kubwa, mfano wa mtu anayeshusha pumzi kwa uchovu, hurudisha oksijeni hiyo. Kutoka hapo fikra ikahamia kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 1992 Burkhard Lachmann wa Rotterdam aliandika makala fupi ambayo kichwa chake kilikuwa amri: fungua pafu, na ulidumishe wazi. Amri hiyo ikawa kauli mbiu ya kizazi kizima cha matabibu. Mwaka 1998 Marcelo Amato na wenzake wa Brazil walitangaza kuwa wagonjwa waliopewa pumzi ndogo, pamoja na shinikizo la kubakizwa lililopimwa kwa makini na zoezi la kufungua, walifariki asilimia 38 katika siku 28, dhidi ya asilimia 71 ya waliotibiwa kwa desturi ya zamani. Wagonjwa walikuwa 53 tu. Lakini ni nani aliyeona tofauti kama hiyo asivutwe moyo?

Zoezi lenyewe lilifanywa kwa namna kadhaa. Shinikizo hupimwa kwa urefu wa safu ya maji ambayo lingeweza kuinyanyua, na mtu mzima aliyetulia huhitaji badiliko la sentimita chache tu kwa kila pumzi. Katika namna iliyoenea zaidi, tabibu alipandisha shinikizo hadi sentimita 40 akalishikilia kwa sekunde 40, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi mzito, kifua kimeinuka na kutulia juu pasipo kushuka. Katika namna nyingine alipanda kwa ngazi, akiongeza shinikizo la kubakizwa hatua kwa hatua, 25, kisha 35, kisha 45, na juu ya kila ngazi mashine ikaendelea kupumua, kisha akashuka kwa ngazi ndogo ndogo akitafuta ile ambayo mapafu yalitanuka kwa wepesi zaidi. Na wako waliopendelea kutia pumzi moja kubwa kila baada ya muda, kwa kuiga maumbile.

Lazima niseme jinsi jambo hili linavyovutia anayelitenda, kwa sababu pasipo kulifahamu hilo hatutafahamu kwa nini lilidumu. Mgonjwa yupo mbele yako, kipimo cha oksijeni kilichobanwa kidoleni chasoma 82, umekwisha kumpa oksijeni yote ambayo mashine yaweza kutoa, na jamaa zake wako nje ya mlango. Unapandisha shinikizo; unangoja; na namba yaanza kupanda, 85, 89, 93. Hakuna dawa katika fani yetu inayojibu upesi na dhahiri namna hiyo. Muuguzi aona, mwanafunzi aona, nawe waamini kuwa umeurudisha uhai kwa mkono wako.

Brazil hiyo hiyo ndiyo iliyoongoza jaribio lililotoa hukumu. Kuanzia mwaka 2011 hadi 2017, katika vyumba 120 vya wagonjwa mahututi vya nchi 9, wagonjwa 1,010 wenye dhiki ya pumzi ya wastani au kali waligawanywa kwa kura. Nusu yao walipumuliwa kwa pumzi ndogo na shinikizo la wastani; nusu nyingine walifanyiwa zoezi la kufungua kwa ngazi na kuwekewa shinikizo la kubakizwa kwa kadiri ya kipimo. Katikati ya kazi, mwaka 2015, ngazi zilipunguzwa kwa kuwa wagonjwa watatu mioyo yao ilikuwa imesimama, na zoezi likashukiwa. Mwisho wa kazi hesabu ilikuwa hii: katika siku 28 walifariki asilimia 55.3 ya waliofunguliwa mapafu kwa nguvu, na asilimia 49.3 ya wasiofunguliwa. Hewa iliyovuja nje ya pafu kwa kupasuka ilionekana kwa asilimia 5.6 ya kundi la kwanza na asilimia 1.6 ya kundi la pili. Nalo neno la kushangaza kuliko yote ni kuwa oksijeni ya waliofunguliwa ilikuwa bora. Namba iliyoshangiliwa kando ya kitanda ilipanda kweli, na chini yake watu walizidi kufa.

Vipi litokee hivyo? Jibu la kwanza lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1970 na Jere Mead yule yule pamoja na wenzake, walipopiga hesabu kuwa mahali ambapo kifuko kilicho wazi kimepakana na kilichojifunga, shinikizo la sentimita 30 laweza kuzaa mvuto unaokaribia sentimita 140 katika ukuta ulio baina yao. Ukuta huo ni mwembamba kuliko karatasi yoyote mliyowahi kuishika. Shinikizo halina macho; huwa halichagui sehemu iliyojifunga likaiacha iliyo wazi, bali huenda kwanza kule ambako njia ni nyepesi, na kule ndiko kwenye lile pafu la mtoto, ambalo lilikuwa ndilo akiba pekee ya mgonjwa.

Jibu la pili lilitoka tena kwa Gattinoni, aliyewapiga picha wagonjwa 68 na kutangaza mwaka 2006 kuwa sehemu ya mapafu inayoweza kufunguliwa hutofautiana mno baina ya mtu na mtu. Wastani wake ulikuwa asilimia 13 ya uzito wa pafu, lakini wako ambao kwao haikuwapo takriban yoyote, na wako ambao kwao ilikuwa kubwa. Nimonia iliyojaza vifuko usaha haifunguki kwa kusukumwa, kwa sababu kifuko hicho hakikujikunja, kimejaa. Kumsukumia mgonjwa wa namna hiyo sentimita 45 ni kumtesa bure.

Jibu la tatu ni moyo. Damu hurudi kifuani kwa sababu shinikizo la kifua ni dogo. Ukilijaza, damu hukwama nje, na upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu ndani ya mapafu hayo hayo yaliyokazwa, hulemewa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya kufunguka hutokea katika sekunde 10 za mwanzo za zoezi, na zinazofuata huendelea kuliteremsha shinikizo la damu kwa faida ndogo. Tukumbuke ni sekunde 40 ambazo zilikuwa desturi.

Kwa ajili ya haya, jumuiya ya Ulaya ya tiba ya wagonjwa mahututi ilitoa miongozo mwaka 2023 ikikataza kwa msisitizo mazoezi ya kufungua ya shinikizo kubwa na ya muda mrefu, na jumuiya ya Marekani ya tiba ya kifua ikafuata mwaka 2024 kwa maneno yanayokaribiana. Hukumu hiyo naikubali.

Wala si mara ya kwanza namba ya oksijeni kuwadanganya wakubwa wa fani hii. Mwaka 2000 jaribio la Marekani lenye wagonjwa 861 lililinganisha pumzi za mililita 12 kwa kila kilo ya uzito uliokadiriwa kwa urefu wa mgonjwa na pumzi za mililita 6. Katika siku za mwanzo waliopewa pumzi kubwa ndio waliokuwa na oksijeni nzuri zaidi, na kwa kipimo hicho daktari yeyote angesema wanaendelea vema. Lakini waliofariki kati yao walikuwa asilimia 39.8, na waliopewa pumzi ndogo walifariki asilimia 31. Pumzi kubwa ilikuwa ikiyapamba mapafu na kuyararua kwa wakati mmoja. Basi mwenye kumtibu mgonjwa huyu ajiulize, kabla ya kufurahia namba iliyopanda, imepanda kwa gharama gani.

Nisidhaniwe nasema kuwa pafu liachwe lijifunge. Yapo mapafu yanayofunguka kweli, na upo wakati ambapo kuyafungua kwa upole kwafaa: mrija umechomoka kutoka kwa mashine kwa bahati mbaya na shinikizo lote limepotea, au makohozi yamevutwa kwa mpira na oksijeni ikaanguka ghafla, au mgonjwa ametoka katika upasuaji mrefu na mapafu yake yalikuwa mazima tangu hapo. Katika hali hizo zoezi fupi, lenye shinikizo la kiasi, kwa mgonjwa ambaye damu yake ina nguvu, mkono wa tabibu ukiwa juu ya mashine na jicho lake juu ya kipimo cha shinikizo la damu, si kosa. Kipo pia kipimo kipya cha pumzi moja, kilichoelezwa mwaka 2020, ambacho humruhusu tabibu kushusha shinikizo la kubakizwa kutoka 15 hadi 5, kupima hewa iliyotoka, na kwa hesabu ndogo kukisia kama pafu hili ni la kufunguka au la, pasipo kumhamisha mgonjwa kitandani. Hiyo ndiyo njia ya haki: kuuliza kabla ya kusukuma.

Lakini tadbiri bora ya kuyafungua mapafu haihitaji shinikizo la ziada hata sentimita moja. Ni kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi. Rejeeni karai la khanga: ukiligeuza, zilizobanwa huwa juu na kupata nafasi. Sehemu ya mgongo, ambayo ina nyama nyingi ya pafu na damu nyingi, hufunguka taratibu. Moyo, ambao kwa mgonjwa aliyelala chali hulikandamiza pafu la kushoto, hulala juu ya mfupa wa kifua. Hewa husambaa kwa usawa zaidi, na lile pafu la mtoto hupumzishwa mzigo. Kufungua huku ni kwa saa nyingi, si kwa sekunde, na hakuna ukuta unaoraruliwa. Mwaka 2013 Claude Guérin wa Lyon na wenzake walitangaza jaribio la wagonjwa 466 wenye dhiki kali, katika hospitali za Ufaransa na moja ya Hispania. Waliolazwa kifudifudi kwa muda usiopungua saa 16 kwa kila mzunguko walifariki asilimia 16 katika siku 28. Waliobaki chali walifariki asilimia 32.8. Nusu ya vifo iliondoka kwa kugeuzwa.

Na hapa shahidi yule yule, namba ya oksijeni, arudi mara ya tatu. Matokeo ya jaribio hilo yalipochambuliwa baadaye, ilionekana kuwa waliopona hawakuwa wale tu ambao oksijeni yao ilipanda walipogeuzwa; faida ya uhai ilikuwapo hata pale ambapo namba haikutikisika. Kwa hiyo muuguzi asimrudishe mgonjwa chali baada ya saa moja kwa kuwa haoni badiliko kidoleni. Aache saa zitimie.

Kumgeuza mtu mwenye mrija kooni, mpira mshipani na fahamu zilizolazwa si kazi nyepesi, na ningependa wenye mamlaka wasikilize kipande hiki kwa makini. Hutaka watu wapatao watano: mmoja kichwani, ambaye hashiki chochote ila mrija na kichwa, na ndiye mwenye kutoa amri, wawili kila upande. Macho ya mgonjwa hufumbwa na kupakwa mafuta, vifundo na mashavu na paji la uso huwekewa mito, uso hugeuzwa huku na huku kila baada ya saa chache ili ngozi isichubuke, mikono hubadilishwa kama ya mtu anayeogelea. Kila jambo kati ya haya laweza kufundishwa katika siku chache kwa wauguzi tulio nao, na halihitaji fedha za kigeni. Linahitaji watu wa kutosha katika zamu, hasa zamu ya usiku.

Kanda yetu nayo imekwisha kutoa mchango wake katika fani hii. Maelezo rasmi ya maradhi haya, yaliyokubaliwa Berlin mwaka 2012, yalitaka mgonjwa awe kwenye mashine yenye shinikizo la kubakizwa lisilopungua sentimita 5, apimwe oksijeni kwa damu ya ateri, na apigwe picha ya kifua; na kwa maelezo hayo hospitali isiyo na mashine haikuwa na mgonjwa hata mmoja, ingawa watu walikuwa wakifa mlangoni pake. Matabibu waliofanya kazi katika hospitali kuu ya mafunzo ya Kigali, Rwanda, walipima badala yake kwa kipimo cha kidoleni na kwa ultrasaundi ya kifua, pasipo kulazimisha mashine. Mwaka 2016 wakatangaza kuwa kati ya wagonjwa 1,046 waliolazwa, takriban asilimia 4 walikuwa na maradhi haya, nusu yao wakafariki, na chini ya thuluthi moja tu ndio waliopata kitanda katika chumba cha mahututi. Kwa maelezo ya Berlin hakupatikana hata mmoja. Maelezo mapya ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2024 yamekubali kipimo cha kidoleni na ultrasaundi. Kigali iliwasomesha walimu wake.

Sasa nageukia wanaosimamia hospitali zetu, Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, na wale wanaotupa misaada ya vifaa. Najua mashine mpya hupendeza katika picha ya uzinduzi. Lakini mashine haijui kipimo cha mgonjwa wake: pumzi ya mililita 6 kwa kilo haipimwi kwa uzito wa mwili uliolala, hupimwa kwa urefu wake, kwani mapafu hayanenepi mtu anaponenepa. Mwanamume wa sentimita 170 hesabu yake ni kilo 66, na pumzi yake ni karibu mililita 400. Mwanamke wa sentimita 155 hesabu yake ni karibu kilo 48, na pumzi yake haifiki mililita 290. Asiyepima hukisia, na mwenye kukisia aghalabu humpa mwanamke huyo pumzi ya mwanamume yule. Utepe wa fundi cherehani watosha kuzuia dhara hilo, na kila kitanda cha mahututi kingestahili kuwa nao.

Basi ombi langu kwenu ni hili: kabla ya kuagiza mashine nyingine, hakikisheni oksijeni haikatiki usiku, hakikisheni kila kitanda kina utepe wa kupimia urefu na mito ya kulazia kifudifudi, na muwaajiri wauguzi wa kutosha kumgeuza mgonjwa saa tisa usiku bila kungoja asubuhi.